Mara Kumi Nyuma ya Pazia

Cha kwanza kaja nacho Twalib kutoka Maskati:
chuma kijivu, kingo kama wembe,
kitaa cha buluu kisichopepesa,
na bei yake sijamwambia mke wangu.

Cha pili kanitengenezea Famau, fundi redio wa Langoni,
ndani ya kopo la peremende. Harufu ya mnanaa bado imo.
Betri ya volti tisa imefungwa kwa mpira wa ndara,
na kifuniko ukikibana vibaya, kinasusa.

Kazi yao ni moja: kuchukua sauti nyembamba ya simu,
kuinenepesha, kuitia kwenye hedifoni.
Ndiyo hiyo tu.
Kama yupo aliyewahi kukosa usingizi kwa jambo dogo kuliko hili,
naomba tukutane.

Mimi nauza nyuzi. Mwaka wa thelathini na moja huu
katika duka la futi sita, ukuta mmoja umelainishwa na mbavu za punda.
Washona kofia huja na kipande kilichobaki sindanoni:
"Nataka mweupe huu, si mweupe ule."
Ninao weupe kumi na tisa. Wa tui. Wa chokaa mbichi.
Wa jino la mtoto.
Sijapata kurudishiwa uzi.
Basi nikadhani sikio ni ndugu wa jicho.

Nikafungua daftari la madeni kwa nyuma,
nikapiga mstari katikati,
nikaweka ile rekodi ya babangu akihesabu boriti gatini,
moya, mbili, tatu, ne,
mpaka karibu na korja, kisha anakohoa, anatilia shaka,
anaanza tena, tangu moya.

Upande wa Maskati nikaandika:
Safi. Baridi kidogo. Kila boriti inaanguka peke yake.
Kikohozi kimesimama kushoto, hatua mbili.
Upande wa kopo:
Joto. Bezi imeshiba.
Mzee yuko karibu, ila kajifunga kilemba mdomoni.
Mvumo kwa mbali, nzi ndani ya chupa.

Famau akapita, akasoma, akacheka kwa pua.
"Changu umekipandisha zaidi, bwana.
Chenye kelele siku zote huonekana kitamu.
Sawazisha kwanza, ndipo uhukumu."
Nikasawazisha. Tofauti zikazidi.
"Basi," akasema, "hukumu bila kutazama."

Nikamwita Salwa, mtoto wa dadangu,
wa darasa la saba, asiye na subira na wazee.
Yeye nyuma ya pazia na vyote viwili,
mimi mbele na waya mrefu na kalamu.
Nikisema "Geuza," anajibu "Tayari."

Ya kwanza, Maskati, bila shaka.
Ya pili, kopo: kikohozi kilinong'ona.
Ya tatu, Maskati.
Ya nne nikafumba macho. Kopo! Lile joto,
karibu nione mvuke.
Punda akapita na mchanga, nikamnyamazisha mwenyewe kwa mkono.
Ya tano, ya sita, hadi kumi,
sikufuta hata neno.

Salwa akatoka akimung'unya ubuyu, vidole vyekundu.
"Mjomba, usikasirike.
Kile kikopo betri yake imekufa tangu mwanzo.
Sikugeuza hata mara moya."

Nikalitazama daftari.
Mistari mitano ya sifa, kwa mwandiko mzuri,
ya kopo lililokuwa limelala.
Sikucheka. Nilicheka kesho yake.

Maskati nimekibakisha, kwa aibu ya bei.
Kopo kachukua Salwa, kaliwekea betri mpya,
anasema kinasikika vizuri. Sikumuuliza vizuri vipi.

Jioni ile akaja Bi Mwanaesha na kipande cha uzi,
hakizidi ukucha.
"Mweupe huu," akasema, na mkono wangu
ukawa umeshafika rafuni, kama kawaida yake.

Nikaurudisha.
Nikachukua sanduku zima, nikatoka nalo nje penye mwanga,
yeye ananifuata, ananiuliza kama naumwa,
na mimi naulaza uzi juu ya uzi,
wa kwanza, wa pili, wa tatu,
nafika wa kumi na saba, natilia shaka,
naanza tena, tangu moya.